Nani Kamfundisha Mgeni?

Haya, sogeeni niwategee. Ni neno, lakini halina herufi hata moja. Mwalimu hawezi kulisoma, karani hawezi kuliandika, padri hawezi kulihubiri. Mtoto anayeota meno ya kwanza analijua, na akilitoa mbele ya bibi yake anachapwa papo hapo. Ni nini? Mnakuna vichwa? Msihangaike kunipa mji, leo sitaki mji wa mtu. Mtalisikia wenyewe.

Jibu lilikuwa likifundishwa bandani mwa kuku, kijijini Buccoo, kisiwani Tobago, Pasaka ikikaribia. Mwalimu alikuwa Eutrice Baynes, amekalia ndoo iliyofudikizwa, simu kaiweka karibu na mdomo kama anayeinong'oneza. Mwanafunzi alikuwa Uholanzi, mama mmoja mstaafu aliyeendesha tramu maisha yake yote, jina lake Hanneke. Alikuwa amekodi chumba cha chini cha nyumba ya kina Baynes kwa sikukuu, na hakutaka kuja kisiwani kama bubu. Alitaka kusema kama watu wanavyosema mtaani, na Eutrice alikuwa akimtumia masomo kwa sauti, somo moja kila mumewe Ancil alipotoka.

"Bi Hanneke, sikiliza," Eutrice aliiambia simu. "Giza likishaingia, ukifika mahali sema 'usiku mwema.' Ndiyo, unapofika! Ukingoja kulisema wakati wa kuondoka, watu watadhani ndiyo kwanza umeingia, watakuvutia kiti."

Binti yake Shernelle, mpiga pasi katika hoteli moja ya huko, alikuwa akiokota mayai huku mashavu yamejaa kicheko.

"La pili. Mtu akikuambia anakuja 'sasa hivi,' nenda zako ukalale. Sasa hivi ya huku inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa kamwe. Anayekuja kweli hasemi kitu, unamwona tu mlangoni."

"Mwambie lile, Mama," Shernelle alinong'ona. "Lile lenyewe."

Eutrice alichungulia kwanza tundu la wavu. Geti lilikuwa limefungwa. Ancil alikuwa bado ufukweni anamwogelesha mbuzi wake wa mashindano ya mbio.

"La tatu halina maandishi, Bi Hanneke, kwa hiyo usitafute kalamu. Ni msonyo. Uko wa namna tatu. Kuna mfupi, wa sukari iliyomwagika. Kuna wa kati, wa mtu anayekudanganya na wewe unajua. Halafu kuna mrefu." Akateremsha sauti. "Huo ni wa kumzika mtu akiwa hai. Unamtazama kutoka miguuni hadi kichwani, polepole, kama unayempima sanda. Unabana ulimi nyuma ya meno, unavuta. Hivi."

Akasonya. Ulitoka mzito na mrefu, kuku wakaacha kuparua, na mwishoni hewa ikapita penye pengo lake la kushoto ikapiga mluzi mdogo, fyiii.

Ng'ambo ya ua, jirani yao Merle aliyekuwa akianika shuka alipasuka kwa kicheko. "Nikisikia filimbi hiyo najua Ancil yuko pwani!"

"Shangazi Merle, punguza sauti," Shernelle alisema, naye akicheka.

"Usimtolee mzee," Eutrice alimalizia somo, "wala padri, wala polisi." Hakuongeza "wala mume wangu." Angeongeza angelazimika kueleza.

Jibu la Hanneke lilirudi kabla mayai hayajaisha kuokotwa. Alikuwa amejaribu mara nyingi mfululizo, mwanzoni kama mtu anayebusu paka, kisha vizuri, kisha vizuri zaidi, hadi mwisho kabisa ukatoka mrefu, na juu yake mluzi. "Nimeupata, Bi Eutrice!" alipiga kelele. "Hata na kifilimbi chake!"

Shernelle alikaa chini kwa kucheka. "Mama! Anadhani pengo lako ni sehemu ya neno!"

Eutrice aliziba mdomo kwa kiganja, kama alivyofanya siku zote alipocheka. Alitaka kumrekebisha. Akausikiliza tena ule msonyo, uliokuwa wake na haukuwa wake, ukitoka nyumba ya baridi kule mbali ambako hakuna wa kumpiga mtu kwa ajili yake. Akaona raha. Akauacha kama ulivyo.

Jino la pengo hilo lilikuwa limeng'oka mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa sababu ya jiko la mafuta ya taa lililogoma kuwaka. Alilisonyea jiko. Ancil alikuwa amesimama nyuma yake. Tangu siku hiyo Ancil hakusikia tena msonyo wa mkewe, akadhani ameshamtia adabu.

Geti lililia. Eutrice alitumbukiza simu kwenye gunia la pumba.

Ancil aliingia akimvuta mbuzi, wote wawili wanatiririka maji ya chumvi. Mbuzi alikuwa mweupe, ndevu ndefu, mwendo wa kujisikia. Kijiji kizima kilimwita Askofu.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na kuku."

"Kuku wanacheka siku hizi?"

"Mimi ndiye niliyecheka, Baba," Shernelle alisema.

Ancil hakumtazama. Aliizungusha ile kamba iliyolowa akamchapa mkewe nayo miguuni, mara moja, bila hasira, kama anayefukuza nzi mezani. "Taulo la mbuzi liko wapi? Nilisema nikirudi nilikute limeanikwa."

Eutrice alikwenda kuchukua taulo. Mstari mwekundu ulikuwa umeshavimba nyuma ya magoti yake, na alitembea wima, kwa sababu Merle alikuwa bado uani na shuka zake.

*

Hanneke alifika jioni moja, taa zimeshawashwa, na kabla hajashusha begi alisimama katikati ya barabara akapaza sauti: "Usiku mwema!"

Barabara nzima iliitikia. Wanaume waliokuwa wakigonga domino dukani walisimama. "Usiku mwema, mama! Nani kakuzaa, wewe ni wa huku huku!" Mmoja akamwambia atamletea nazi sasa hivi, naye akamjibu, "Basi naenda kulala," na domino zikamwagika chini kwa kicheko.

Ancil mwenyewe alimbebea begi. Kwa wageni alikuwa mtu mtamu, meno yote nje, sauti laini. Kodi ya chumba aliipokea yeye, mkononi, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. Eutrice alisimama kando na funguo.

"Kumbe mgeni wetu anajua maneno," Ancil alisema.

"Nina mwalimu mzuri sana," alijibu Hanneke, macho yanametameta.

Eutrice akadakia haraka. "Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu, Bi Hanneke. Njoo nikuonyeshe bomba."

Hanneke alimtazama kidogo, akamfuata bombani. Mtu aliyeendesha tramu miaka mingi anajua abiria anapokuomba usiulize nauli yake.

Siku ya pili Eutrice alipika kalalu, majani ya magimbi yameiva hadi yamekuwa laini kama hariri, kaa mmoja ndani yake, tui zito. Walikula pamoja juu, mgeni amekalishwa kiti chenye mto. Hanneke alionja, akafumba macho.

"Bwana Ancil, wewe umebahatika. Mke huyu ukimwachia jiko tu, hoteli zote za huku zitafungwa."

"Kweli?" Ancil alitabasamu. Alichota kijiko, akameza, akatikisa kichwa. "Kweli kabisa."

Mgeni alipoteremka kulala, Ancil alilibeba lile bakuli la kalalu hadi katikati ya jiko akaligeuza. Mchuzi ulitanda sakafuni, ukapita chini ya kabati.

"Hoteli," alisema. "Pika basi hapo, hoteli."

Akamshika shingo kwa nyuma akamwinamisha mpaka pua ikagusa mchuzi wa moto. Shernelle alisimama mlangoni, ngumi kazikunja. Mama yake, uso chini, alimpungia mkono: rudi, rudi chumbani.

Asubuhi Hanneke aliona wekundu puani na kidevuni. "Nini kimekupata?"

"Mvuke wa sufuria."

"Nilisikia kishindo."

"Kabati letu lina mguu mbovu."

Hanneke aliufunga mdomo wake mwembamba. Kisha akatoa msonyo wa kati, ule wa mtu anayekudanganya na wewe unajua. Aliutoa kwa upole, kama mtu anavyomshika mwenzake bega. Eutrice alikimbilia uani kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

*

Jumanne ya Pasaka ndiyo siku ya mbio za mbuzi. Watu walikuja kutoka kisiwa chote, na mabanda ya kuku wa kuchoma na mahindi yalizunguka uwanja mzima. Ancil alikuwa amevaa kofia mpya. Alikuwa amemwogelesha Askofu, amemkanda misuli kwa mafuta, amemlisha vizuri kuliko alivyowalisha watu wa nyumbani kwake, na kwa majirani alikuwa amejigamba mpaka amekaukiwa mate.

Mbuzi walitoka kwa kasi, wakimbizaji nyuma yao pekupeku na kamba mikononi. Askofu alitangulia. Aliwaacha wenzake mbali, watu wakasimama, Ancil akapanda juu ya uzio akipiga kofia pajani. Halafu, karibu na utepe wa mwisho, Askofu akasimama. Alisimama tu, kama aliyekumbuka kitu. Akageuka, akaenda kwenye uzio taratibu, akavuta kofia ya majani kichwani kwa mama mmoja, akaanza kuitafuna.

"Mabibi na mabwana," kipaza sauti kilisema, "Askofu ameamua kukusanya sadaka!"

Uwanja uliangua kicheko. Watu walishikana mabega. Mbuzi wote wengine walipita, hata yule mchechemeaji wa mwisho. Mtu akapaza sauti, "Ancil! Mvalishe joho!" Mwingine: "Mwache, kaka, leo anafunga!" Hata mama wa kofia alicheka. Hata Hanneke.

Eutrice hakucheka. Alimtazama mumewe akishuka uzioni. Ancil alikuwa akitabasamu, anaitikia utani, anapeana mikono, na mshipa wa shingoni mwake umetuna kama mnyoo. Eutrice aliujua mshipa huo.

"Shernelle," alisema, "usirudi nyumbani. Nenda kwa rafiki yako yule wa hoteli."

"Nawe?"

"Mimi nina chakula cha kubandika motoni."

"Basi twende wote," Shernelle alisema, akamshika mkono.

*

Jua lilikuwa bado juu walipofika nyumbani, mgeni pamoja nao. Eutrice alipanda jikoni akawasha moto chini ya kaa na matonge ya ngano yaliyokuwa ndani ya tui. Alimpakulia mgeni sahani ya kwanza kabla hayajachemka sawasawa, akampelekea chini, akarudi. Alipochungulia dirishani Ancil alikuwa anaingia getini na Askofu. Nyuma yao barabarani walikuja watu wa kijiji wakirudi makwao, wanawake wakasimama kidogo uani kwa Merle, bado wana kicheko cha uwanjani midomoni.

Ancil alimfunga mbuzi kwenye nguzo mojawapo ya nyumba, iliyo karibu na mlango wa mgeni. Akaingia stoo. Akatoka na panga.

"Baba, mwache," Shernelle alisema. "Mbuzi hajui mashindano."

"Atayajua."

Eutrice alishuka ngazi mbio. Hakuwahi. Kuchinja kuna utaratibu wake, na Ancil aliujua, alikuwa amechinja mbuzi wengi. Huyu hakumchinja. Alianza na ubapa wa panga mgongoni, kwa nguvu zote, na mbuzi akalia kwa sauti ya mtoto. Akampiga tena. Miguu ya nyuma ikakatika nguvu. Kisha akageuza makali, akamkata begani, akamkata ubavuni, akamkata shingoni mara mbili tatu bila shabaha, na nguzo iliyopakwa chokaa kwa ajili ya sikukuu ikageuka nyekundu hadi usawa wa kiuno. Ndevu za Askofu zilitikisika bado, baada ya kila kitu kingine kutulia.

Uani kwa Merle kicheko kilikuwa kimekufa zamani.

Mlango wa chini ulifunguka. Hanneke alitoka na sahani yake mkononi. Aliona nguzo, aliona mbuzi, aliona panga. Alifungua mdomo akasema kitu cha kwao. Hakikutosha. Akajaribu kwa Kiingereza cha shuleni, nacho kikamkwama. Basi akaweka sahani chini, taratibu, akajifuta mikono kwenye sketi. Akamtazama Ancil Baynes kutoka miguuni hadi kichwani, kama anayempima sanda. Akasonya.

Ulikuwa mrefu. Ulipita juu ya mbuzi, ukapita uani, ukafika barabarani, na mwishoni kabisa ukapiga mluzi, fyiii.

Wanawake wote wa uani waliinamisha macho kwa pamoja. Hakuna aliyethubutu kumtazama Eutrice, maana Ancil angefuata macho yao. Kijijini pale wote waliujua mluzi ule. Waliusikia kila Ancil alipokuwa pwani, kwenye kamba za nguo, kwenye foleni ya mkate, kanisani mahubiri yalipozidi. Mtu mmoja tu Buccoo nzima ndiye hakuwahi kuusikia.

Ancil alisimama, damu inadondoka kwenye ncha ya panga. Alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na mzimu. Mgeni hapigwi, mgeni akiguswa polisi wanakuja hadi na mbwa. Alilijua hilo. Alitafuta mahali pa kuiweka ile aibu.

"Nani kamfundisha huyu?" aliuliza.

Wanawake walizidi kutazama chini.

"Nauliza. Mtu kavuka bahari, kalala nyumbani kwangu, kala chakula changu, ananisonyea mbele ya kijiji. Hajazaliwa nao. Nani kamfundisha?" Macho yake yakatua kwa Shernelle. "Wewe. Kila saa simu, kila saa vicheko."

"Si mimi."

"Nani basi?"

Shernelle hakugeuza shingo kumtafuta mama yake. "Sijui, Baba."

"Hujui."

"Sijui."

Mgongo wa panga ulimshukia mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Ulitoa sauti ya muwa unaovunjwa gotini. Shernelle hakulia mara moja. Aliutazama mkono wake uliokuwa umepinda pasipopindika, na ncha nyeupe iliyochungulia katika ngozi, na damu ikaja. Ndipo alipopiga kelele.

Eutrice alimrukia Ancil mgongoni. Ancil alimtupa kwa kiwiko, naye akaangukia damu ya mbuzi. Akainuka, akaanguka, akatambaa hadi kwa binti yake, akamfunga mkono kwa kitambaa cha kichwani.

Hanneke alikuwa na simu sikioni, anaita polisi. Alisema jina la kijiji, akasema panga, akasema mtoto. Akasikiliza. Akaishusha simu.

"Wanakuja?" Merle aliuliza.

"Wamesema," Hanneke alijibu kwa sauti ndogo, "sasa hivi."

Wote walielewa, naye akiwemo.

Merle alikimbia, na punde gari la mumewe lilikuwa linanguruma mbele ya geti, mlango wa nyuma umeachwa wazi. "Mleteni mtoto! Ancil, tupishe, mtoto anavuja damu!"

Ancil alikwenda getini. Akaegemea, panga kifuani. "Hatoki mtu hapa mpaka nijibiwe."

"Una wazimu? Ni binti yako!"

"Basi nijibuni. Ni swali dogo. Merle, macho yako hayalali uani kwangu. Nani?"

"Mimi nina sikio bovu," alisema Merle. "Sikusikia msonyo wala nini."

"Mgeni. Ulisema una mwalimu. Nani?"

Hanneke aliutazama mkono wa Shernelle. Alikuwa ameshaelewa alichokibeba kutoka kwao bila kujua, pengo la mwenzake na mluzi wake. Alinyoosha mgongo.

"Nitakuambia," alisema, "sasa hivi."

Mwanamke mmoja uani alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko nusu kilio. Shingo ya Ancil ilituna.

"Mama," Shernelle alinong'ona, midomo imekuwa ya kijivu. "Usiseme. Atakuua. Nitavumilia."

Kitambaa kilikuwa kimeshalowa, kinadondosha. Eutrice alimtazama binti yake usoni, akapima ile rangi ya kijivu. Alilitazama geti. Alizitazama ngazi, upande wa pili wa ua, mbali na geti. Akakilaza kichwa cha Shernelle mapajani kwa Hanneke, akamwambia mgeni sikioni, "Geti likiwa wazi, usinisubiri." Akasimama akapanda jikoni.

Tui lilikuwa linatokota, matonge yanagongana na magamba ya kaa. Alichukua matambara mawili, akaishika sufuria masikio yote mawili, akatoka nayo hadi juu ya ngazi. Mvuke ulimfunika uso.

"Ancil," aliita. "Mimi namjua aliyemfundisha."

"Sema hapo hapo."

"Si jambo la kupigia kelele mbele ya watu. Litakuaibisha zaidi. Njoo."

Ancil alisita. Alitazama wanawake, alitazama gari, alimtazama mkewe kule juu, mke ambaye miaka yote hakuwahi kumwambia njoo. Akaliacha geti. Alivuka ua, akamruka Askofu, akafika chini ya ngazi. Akapanda ya kwanza, akapanda ya pili.

Nyuma yake geti lilifunguka bila sauti. Merle alikuwa amelinyanyua kwenye bawaba zake. Hanneke alikuwa ameshampata Shernelle kwapani, na wanawake wawili wengine kila mmoja upande wake, wanambeba, miguu yake inaburura. Mlango wa gari ulijibamiza. Ancil aligeuza kichwa, lakini gari lilikuwa limeshaondoka, vumbi tu limebaki.

Akamgeukia mkewe. Sasa ndipo alipoiona sufuria, imeinama kidogo upande wake, tui linachemka ukingoni.

"Weka hiyo chini."

Eutrice hakuiweka.

"Eutrice." Alipandisha mguu ngazi ya tatu, kisha akaurudisha. Panga lilikuwa mkononi mwake bado. Uani kwa Merle wanawake waliobaki walikuwa wameinua macho. Safari hii wote walikuwa wanamtazama Eutrice. "Nimekuuliza kwa wema. Nani kamfundisha?"

Mikono yote miwili ilikuwa kwenye sufuria. Hakubaki na wa kuziba mdomo. Eutrice alianza na viatu vya Ancil, vilivyojaa damu. Akapanda polepole hadi magotini, hadi kifuani, hadi kwenye ile kofia mpya. Akabana ulimi nyuma ya meno, akavuta. Ulikuwa mrefu kuliko msonyo wowote aliowahi kumfundisha mgeni, ulishuka ngazi moja moja hadi ukamfikia mumewe, na mwisho wake, pale penye pengo alilolifungua Ancil mwenyewe, ukapiga mluzi.